Umeweka Taa za LED Kwenye Indiketa na Sasa Zinasumbua? Tafuta Tatizo Hivi, Hatua kwa Hatua

Umenunua balbu za LED, umetoa zile za zamani, umechomeka mpya na kufunga kioo. Unawasha indiketa ya kushoto, inapepesa mbio mbio kama ina homa. Au inawaka tu na kutulia, haipepesi. Au mbaya zaidi, unawasha kushoto na kulia nako kunaitikia.

Usizitupe hizo taa kwanza, na usikubali kukatiwa waya kabla hujajua tatizo ni nini. Matatizo haya yana sababu chache tu, na nyingi unaweza kuzibaini mwenyewe ukiwa na testa, balbu moja ya zamani na nusu saa ya utulivu.

Yalinikuta kwenye pikapu ya mjomba, Toyota ya miaka ya 1990. Tuliweka LED nyuma na mbele, tukaridhika kwa sababu zilikuwa zinang'aa. Jioni moja nikawa nakata kulia kuingia barabara ya vumbi, indiketa nimewasha mapema kabisa. Bodaboda akanipita upande huo huo wa kulia, amekwepa kwa nafasi ya mkono mmoja. Aliposimama alisema, "Kaka, mimi nimeona taa imewaka tu, nikajua ni taa ya nyuma." Alikuwa sahihi. Indiketa ilikuwa haipepesi, na mimi sikuwa nimeenda nyuma ya gari kuangalia.

Ndiyo maana makala haya si ya urembo wa gari. Indiketa ni maneno unayomwambia dereva wa nyuma. Zikisema vibaya, anakuelewa vibaya.

Kwanza elewa kwa nini LED inasumbua gari la zamani

Magari mengi madogo ya zamani yana balbu ya wati 21 mbele, nyingine ya wati 21 nyuma, na kabalbu ka wati 5 ubavuni. Jumla ni kama wati 47 kila upande. Kwa umeme wa volti 12, hiyo ni karibu ampea 4.

Balbu ya LED inayochukua nafasi ya ile ya wati 21 mara nyingi hula wati chache tu. Kwa betri ni nafuu, lakini kuna kifaa kimoja hakijazoea nafuu hiyo. Kinaitwa flasha, ni kale kaboksi kanakolia "tik tak" chini ya deshibodi.

Flasha za zamani ziko za aina mbili:

- Ya joto. Ndani ina kipande cha chuma kinachopinda kikipata moto na kurudi kikipoa. Moto huo unatokana na umeme unaokwenda kwenye balbu. Umeme ukiwa kidogo, chuma hakipindi, na taa inabaki imewaka au haifanyi kazi kabisa.
- Ya kielektroniki inayopima mzigo. Hii inajua umeme unaopaswa kupita. Ukipungua, inadhani balbu moja imeungua, basi inapepesa haraka ili kukuonya.

Hapo ndipo wengi wanakosea. Kupepesa haraka haraka mara nyingi si ubovu wa LED. Ni onyo la gari linalofanya kazi yake, ila limedanganyika.

Kabla ya kugusa chochote: rudisha balbu za zamani

Hii ndiyo hatua inayookoa muda kuliko zote. Rudisha balbu zote za zamani kisha washa kushoto, kulia na hazadi.

- Zikifanya kazi vizuri, nyaya zako ni nzima. Tatizo ni jinsi LED na flasha zinavyoelewana.
- Zikisumbua hata na balbu za zamani, una tatizo la waya, holda, swichi au flasha. LED haitalitibu, italificha tu.

Zikiwa sawa, weka LED moja moja. Weka ya nyuma kushoto, jaribu. Weka ya mbele kushoto, jaribu. Ukibadilisha zote kwa mpigo hutajua mkorofi ni nani.

Angalia pia volti. Gari dogo ni volti 12, lakini malori mengi na mabasi ni volti 24. LED ya volti 12 ukiiweka kwenye lori la volti 24 itaungua, wakati mwingine hapo hapo. Soma maandishi kwenye balbu. Ikiandikwa 10-30V, inafaa kote kuwili.

Dalili ya 1: Inapepesa haraka haraka

Kipimo ni rahisi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari zinataka indiketa ipepese mara 60 hadi 120 kwa dakika. Chukua simu yako, weka saa ya sekunde 10, hesabu. Ukipata 10 hadi 20, uko salama. Ikizidi 20, ni haraka mno.

Una njia mbili za kutibu.

*Njia ya kwanza: badilisha flasha.* Nunua flasha ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, ambayo haijali mzigo. Kwa gari la zamani lenye flasha ya kuchomoa, hii ndiyo njia safi. Hukati waya hata mmoja.

Kuipata, washa hazadi, zima redio, sikiliza mlio. Mara nyingi iko karibu na boksi la fyuzi au juu ya miguu ya dereva. Ichomoe, nenda nayo dukani. Uwe Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, usiende na maneno matupu, nenda na flasha mkononi.

Linganisha vitu vitatu: volti, idadi ya pini, na herufi za kwenye pini. Flasha nyingi za Kijapani zina B kwa umeme unaoingia, L kwa umeme unaokwenda kwenye taa, na E kwa waya wa bodi, yaani hasi. Za Ulaya mara nyingi huandikwa 49, 49a na 31. Kuwa makini hapa: flasha mbili zinaweza kufanana umbo kabisa lakini mpangilio wa pini ukawa tofauti. Ukichomeka isiyoendana, haitafanya kazi na unaweza kuiua.

Kama flasha yako ya zamani ina pini mbili tu na mpya ina tatu au ina waya mweusi wa ziada, waya huo unafungwa kwenye chuma safi cha bodi. Usipoufunga, flasha haitaanza kazi.

*Njia ya pili: weka risista.* Hii ni kifaa kinachokula umeme ili flasha idhani balbu ya zamani bado ipo. Inayotumika sana kwa balbu ya wati 21 ni ya omu 6, wati 50. Inafungwa kati ya waya wa indiketa na waya wa hasi, sambamba na balbu. Haikati njia ya umeme kwenda kwenye balbu. Ukiifunga katikati ya njia hiyo, flasha bado itaona umeme kidogo na hutakuwa umetibu kitu.

Sasa sikiliza hatari yake. Gari likiwa linanguruma, umeme unafika kama volti 14. Risista ya omu 6 hapo inakula zaidi ya ampea 2, kama wati 32 kila inapowaka. Wati hizo zote zinageuka joto. Ukiacha hazadi nusu saa gari limeharibika njiani, risista inaweza kuunguza ngozi, kuyeyusha plastiki na kuchoma nyaya zilizo karibu.

Kwa hiyo:

- Ifunge kwa skrubu kwenye chuma cha bodi, si kwenye plastiki.
- Usiifunge kwa tepu ya umeme wala kuining'iniza kwa tai za plastiki.
- Iweke mbali na zulia, nyaya nyingine na mpira wa kuziba taa.
- Baada ya kufunga, washa hazadi dakika 10, kisha sogeza mkono karibu bila kuigusa. Nusa kama kuna harufu ya kuungua.

Kwa magari mapya zaidi ambayo flasha imo ndani ya kompyuta ya gari, mara nyingi huna flasha ya kuchomoa. Hapo risista au LED zenye mzigo wake ndani ndizo zinazobaki. Lakini kwa gari la zamani, flasha kwanza.

Dalili ya 2: Inawaka bila kupepesa

Hii ndiyo iliyotukuta sisi. Karibu kila mara ni flasha ya joto isiyopata umeme wa kutosha. Dawa ni flasha ya LED.

Njia ya kuhakikisha: rudisha balbu moja ya zamani upande huo, kwa mfano ya mbele. Ikianza kupepesa hata kwa kusuasua, umempata mchawi wako.

Dalili ya 3: LED moja haiwaki kabisa

Balbu ya zamani haina mbele wala nyuma, umeme unapita upande wowote. LED ina chanya na hasi.

Zile balbu bapa za kuchomeka, ambazo hazina kitako cha chuma, zinaweza kuingia kinyume. Ichomoe, izungushe nusu mzunguko, rudisha. Wengi wamerudisha taa dukani kwa kosa hili tu.

Ikiwa bado, angalia holda. Kitako cha LED wakati mwingine ni chembamba kuliko cha zamani, kwa hiyo vibati vya holda havikigusi. Vivute kidogo kwa bisibisi ndogo, taa zikiwa zimezimwa. Kama kuna kutu ya kijani, sugua kwa msasa laini.

Zenye kitako cha chuma cha kuzungusha, tazama vipini vya pembeni. Kuna vinavyotazamana, na kuna vilivyopinda kidogo, hasa kwa balbu za rangi ya chungwa. Usilazimishe. Ikigoma kuingia, umenunua ya aina nyingine.

Dalili ya 4: Unawasha kushoto, zote nne zinapepesa

Hii inawatesa sana wenye pikipiki na magari ya zamani yenye taa moja tu ya indiketa kwenye deshibodi, badala ya mishale miwili.

Sababu yake iko hivi. Kataa hako kamefungwa kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye kataa hako, unaingia nyaya za kulia, na kurudi kwenye hasi kupitia balbu za kulia. Zamani balbu za kulia hazikuwaka kwa sababu umeme huo ulikuwa kidogo mno kwao. LED hata ukiipa tone, inawaka.

Dawa ni dayodi mbili, vifaa vidogo vya bei ndogo vinavyoruhusu umeme upande mmoja tu. Aina ya 1N4007 inatosha kwa kataa hako. Fanya hivi:

- Toa nyaya zote mbili kwenye kataa ka deshibodi.
- Waya wa kushoto upitie dayodi moja, wa kulia upitie nyingine. Upande wenye mstari wa fedha uelekee kwenye taa.
- Unganisha pande zote mbili zenye mstari kwenye mguu mmoja wa taa.
- Mguu wa pili wa taa uende kwenye hasi ya bodi.

Kubadilisha flasha peke yake hakutibu tatizo hili. Ukiambiwa ununue flasha ya tatu, simama hapo.

Dalili ya 5: Taa ndogo zinapepesa pamoja na indiketa, au mwanga unafifia

Ukiwasha indiketa na taa ndogo ya upande huo inaitikia, au ukikanyaga breki indiketa inabadilika, shuku waya wa hasi kwanza. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi, unatafuta njia nyingine kupitia taa jirani.

Pima hivi ukiwa na mita: weka kwenye volti, mguu mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye ganda la holda, taa ikiwa imewaka. Ukisoma karibu na sifuri, ni sawa. Ukisoma nusu volti au zaidi, waya wa hasi ni mbovu.

Huna mita? Chukua kipande cha waya, gusisha upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye ganda la holda. Usiguse kile kitufe cha katikati, hicho ni chanya. Taa ikitulia, umepata ugonjwa. Fungua boliti ya waya wa bodi, sugua kutu mpaka chuma king'ae, rudisha na kaza.

Angalizo: mita inaweza kukuonyesha volti 12 kwenye waya uliokwisha liwa na kutu, kwa sababu mita haivuti umeme. LED nayo inaweza kuwaka kwenye waya huo huo. Balbu ya zamani ya wati 21 ndiyo testa ya kweli. Ikiwaka vizuri kwenye waya, waya ni mzima.

Dalili ya 6: Umezima taa lakini LED inang'aa kwa mbali

Kuna umeme kidogo unaovuja, mara nyingi kwenye swichi, flasha au holda yenye unyevu. Balbu ya zamani ilikuwa haiuonyeshi. Kausha holda, angalia mpira wa kuzuia maji. Ikiendelea, chomoa flasha. Mng'ao ukizima, flasha ndiyo inavujisha. Ukibaki, fuata waya.

Taa ndogo na za ubavuni

Taa ndogo mara nyingi hazipiti kwenye flasha, kwa hiyo LED yake haileti vurugu. Matatizo ya kawaida ni chanya na hasi kugeuzwa, au mwanga kuzidi.

Mwanga kuzidi ni tatizo kweli. Kwenye taa za nyuma, balbu moja mara nyingi hufanya kazi mbili, taa ndogo na breki. LED duni huwa na tofauti ndogo mno kati ya kazi hizo. Usiku anayekufuata hatajua umekanyaga breki. Simama nyuma ya gari gizani, mwambie mtu akanyage breki. Kama tofauti huioni papo hapo, toa hiyo LED.

Kwa baadhi ya magari ya Marekani ya zamani, kataa ka ubavuni hupata hasi yake kupitia balbu ya indiketa. Ukiweka LED kwenye indiketa, kataa hako hufifia au kuzima. Hapo kanahitaji waya wake wenyewe wa hasi.

Rangi nayo ina neno

Nunua LED ya rangi ya kioo chake. Kioo cha chungwa, LED ya chungwa. Kioo chekundu, LED nyekundu. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu huweza kutoa rangi ya waridi iliyopauka. Kioo kikiwa cheupe, indiketa lazima iwe na balbu ya chungwa. Bluu na zambarau waachie watu wa harusi.

Kisha angalia mwanga unakwenda wapi. Kioo cha taa ya zamani kilipangwa kwa balbu inayomulika pande zote. LED inayomulika mbele tu inakuumiza macho ukisimama mbele yake, lakini ukisogea pembeni haionekani. Na bodaboda yuko pembeni.

Jaribio la mwisho kabla ya kuingia barabarani

Fanya mchana wa jua kali, ukiwa na msaidizi:

1. Rudi nyuma hatua 30. Kushoto, kulia, hazadi. Unaziona wazi?
2. Sogea pembeni kulia, kisha kushoto. Bado unaziona?
3. Hesabu mipepeso ya sekunde 10. Iwe 10 hadi 20.
4. Washa taa kubwa, breki na indiketa kwa pamoja. Hakuna kinachoingilia kingine?
5. Acha hazadi dakika 10 injini ikinguruma. Hakuna harufu?

Jambo la mwisho, na hili wauzaji wengi hawakwambii. Ukishaweka flasha ya LED, umeondoa lile onyo la kupepesa haraka. Taa ya nyuma ikiungua, deshibodi itaendelea kulia "tik tak" kwa amani kana kwamba mambo ni shwari. Kazi ya kukuonya sasa ni yako. Zunguka gari mara moja kwa wiki, na kila kabla ya safari ndefu.

Zile balbu za zamani nazo usizitupe. Zifunge kwenye kitambaa, weka kwenye droo ya deshibodi. LED ikikugomea saa mbili usiku katikati ya safari, balbu ya zamani itakufikisha nyumbani, na kesho yake itakuwa testa yako.